UZI: Maji kwenye trela kabla ya baridi, tuyatoe yote na tuyatoe mapema (kwa wenye trela Marekani na Kanada)

MwanaTanga_MN

Wakuu, habari za jioni.

Naweka uzi huu sasa hivi, Septemba, kwa sababu ikifika Oktoba simu haziachi kulia. Ndugu zetu wa hapa Minnesota, Watanzania na Wakenya, wananunua matrela ya kulala yaliyotumika mwisho wa kiangazi. Ndipo bei inaposhuka, maana muuzaji hataki kulihifadhi majira yote ya baridi. Mtu anapata trela zuri kwa bei nzuri, analiegesha nyuma ya nyumba, wiki chache baadaye theluji hiyo, na ndani ya mabomba maji bado yamo.

Mimi ni fundi bomba. Kazi hii niliianzia Tanga na ndiyo inayonilisha huku. Nina msimamo mmoja kwenye jambo hili na nitaurudia mpaka mnichoke: kinacholinda trela ni kuyatoa maji. Dawa ya pinki, ile ya madumu inayomiminwa kwenye mabomba ili yasipasuke kwa baridi, ni msaidizi tu. Watu wanafanya kinyume, wanamimina dawa juu ya maji ambayo hawakuyatoa, kisha wanalala usingizi.

Maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Mabomba mengi ya matrela ya siku hizi ni ya plastiki ile inayonyumbuka, PEX, yenye rangi nyekundu kwa moto na buluu kwa baridi. Bomba lenyewe linavumilia kidogo. Visivyovumilia ni viungio: kona za plastiki, kichwa cha pampu, moyo wa koki, valvu ya choo, kopo la chujio. Vyote hivyo havinyumbuki, na vingi viko nyuma ya ukuta au chini ya kabati usikofika mkono.

Ubaya zaidi ni kwamba hujui kama vimepasuka. Barafu yenyewe inaziba ufa. Unagundua Aprili au Mei ukifungua maji, na kama hukuwa makini hugundui hata siku hiyo, unagundua pale sakafu inapoanza kubonyea chini ya mguu. Nimefungua choo cha trela la mteja nikakuta kona ya plastiki ina ufa mwembamba kama unywele, ukiitazama kavu unaapa ni nzima. Washa pampu, maji yanatoka kama ukungu, yanalowesha ubao wa sakafu polepole. Kona yenyewe ni ya dola chache. Sakafu siyo.

Sasa kazi.

Kwanza zima heta ya maji, gesi na umeme pia, halafu iache ipoe. Hapa nasisitiza kwa sababu watu wanaungua. Ikiwa bado ya moto na ina mgandamizo ukafungua kizibo, maji yanakurukia usoni. Hakikisha pampu imezimwa na mpira wa maji wa nje umeondolewa, fungua koki moja ya moto ndani ili mgandamizo uishe, ndipo uende nje kwenye heta.

Heta za Suburban zina tangi la chuma na kizibo chake kimeungana na fimbo ya anodi. Kinafunguliwa kwa soketi ya inchi 1 na 1/16. Fimbo ile imewekwa iliwe na kutu badala ya tangi, kwa hiyo ukiikuta imebaki waya mtupu usishangae, nunua nyingine. Heta za Atwood, ambazo sasa zinatoka kwa jina la Dometic, zina tangi la alumini na kizibo cha plastiki, hazina fimbo. Usizitie fimbo kwa kudhani unasaidia. Ukishatoa kizibo, inua valvu ya usalama iliyo juu ili hewa iingie na maji yatoke kwa kasi. Utaona chokaa nyeupe inatoka vipande vipande, hasa kama mlipiga kambi sehemu zenye maji ya kisima. Isukutue na maji mpaka itoke safi.

Tangi la maji safi lina koki yake ya kumwagia, kwa kawaida chini ubavuni. Kisha tafuta koki mbili zilizo mahali pa chini kabisa pa mfumo wa mabomba, moja ya moto na nyingine ya baridi. Mara nyingi ni vijibomba viwili vinavyochungulia chini ya trela, kimoja chekundu kimoja buluu, vina vifuniko. Kwenye matrela mengine vimefichwa ndani chini ya kitanda. Fungua vyote, fungua koki zote za ndani, acha vitiririke. Matangi ya maji machafu na ya choo yamwagwe kwenye kituo cha maji taka kabla hujalirudisha trela nyumbani, maana kituo cha kambini chenyewe nacho hufungwa baridi ikianza.

Toa kichungi cha chujio la maji ukitupe. Kopo lake limwage, lirudishe tupu.

Baada ya hapo heta itengwe. Nyuma yake, kwa ndani, kuna valvu moja, mbili au tatu za kuyapitisha maji pembeni bila kuingia kwenye tangi. Zigeuze. Usipozigeuza, dawa yote itaishia ndani ya tangi la heta, na hilo linameza galoni 6, mengine 10. Utamaliza madumu na koki hazijatoa hata tone la pinki.

Sasa hewa. Kuna kiungio kidogo cha shaba kinachofungwa pale unapounganisha mpira wa maji wa kambini, upande wa pili kinapokea mpira wa kompresa. Punguza kompresa mpaka psi 40 au chini kidogo KABLA ya kuunganisha. Mabomba haya hayakutengenezwa kwa mgandamizo wa kujazia tairi la lori. Fungua koki moja kwa wakati, uanze na ya mbali. Itakohoa, itatema, itapuliza mvuke, halafu hewa kavu. Usiwe na haraka hapo. Ikikauka ifunge, subiri kidogo, rudi uifungue tena. Karibu kila mara kuna maji mengine yameteremka kutoka kwenye kona fulani.

Mwisho dawa. Pampu nyingi zina valvu na kijimpira cha kunyonyea upande wa kuingilia maji. Kitumbukize kwenye dumu, washa pampu, fungua koki moja moja tena, baridi kisha moto. Kwanza hutoka hewa, halafu maji meupe, halafu rangi iliyopauka, kisha pinki iliyokolea kama sharubati. Usiifunge ikiwa imepauka, maana hiyo ni dawa iliyochanganyika na maji. Trela la kawaida linatosheka na galoni 2 au 3.

Na hapa ndipo watu wanaposahau, kwa hiyo soma taratibu: bafu la nje (moto na baridi zote mbili), bomba la kunyunyizia chooni, kanyagio la choo lenyewe, bomba la kusukutulia tangi la choo, mashine ya kufulia kama unayo, kitengeneza barafu cha friji. Pale penye kiungio cha mpira wa maji kuna valvu ya upande mmoja nyuma ya kichujio cha waya. Hakikisha pampu imezimwa na mgandamizo umetolewa, toa kichujio, bonyeza valvu kwa kidole mpaka iteme pinki. Halafu mimina dawa kikombe kimoja au viwili kwenye kila sinki na bafu, kwa sababu ile kona ya chini inayozuia harufu hubaki na maji siku zote. Kidogo pia chooni, ili mpira wa kuziba usikauke.

Ulizeni, nipo.

---

DerevaWaMasafa

Mkuu shikamoo kwa darasa hili. Dumu limeandikwa nyuzi -50. Kama linastahimili hivyo, ya nini kuhangaika na kompresa? Si nipitishe dawa tu?

---

MwanaTanga_MN

Marahaba mkuu. Swali lako ndilo linalovunja matrela mengi.

Ile -50 ni ya Farenhaiti, karibu -45 za Selsiasi, na maana yake ni kiwango cha kulinda bomba lisipasuke. Haimaanishi dawa inabaki maji maji mpaka hapo. Inaanza kuwa uji wa barafu mapema sana, kwenye baridi ambayo Minnesota tunaiona kila Januari. Uji ule unasogea, hausukumi bomba kwa nguvu kama barafu tupu, ndiyo maana bomba linapona. Lakini hesabu hiyo ni ya dawa halisi ya ndani ya dumu. Ukiichanganya na maji yaliyobaki kwenye kona, kinga inashuka, na hakuna atakayekwambia imeshuka kiasi gani.

Na kuna matawi ambayo dawa haipiti kabisa kama hukuyafungua. Kwa hiyo toa maji, puliza, halafu dawa. Ukilazimika kuacha kimoja, usiache kutoa maji.

---

MamaZawadi_Nebraska

Kaka, mume wangu ana dumu la kulanti ya gari gereji, ile ya kijani. Anasema kazi ni ile ile, isigande. Tutumie hiyo?

---

MwanaTanga_MN

Hapana dada. Mwambie shemeji asithubutu hata nusu kikombe.

Ile ya gari kwa kawaida ni ethilini glikoli, ni sumu inayoua figo, na ina ladha tamu, kwa hiyo mtoto au mbwa akiionja anaendelea kunywa. Mabomba haya ndiyo mtakayochotea maji ya chai mwakani. Tafuteni dumu lililoandikwa ni la RV (yaani matrela na magari ya kulala) na lina propilini glikoli. Soma kibandiko nyuma, usinunue kwa rangi. Kuna dumu za pinki za bei ya chini zenye ethanoli ndani. Hizo zinashika moto kirahisi na zinakausha mipira ya kuzibia ndani ya koki. Ongezeni dola chache mchukue nzuri.

Na hata hiyo nzuri isikae karibu na watoto.

---

Mtoto_wa_Uvira

Aksanti sana ndugu. Miye niko Houston. Huku wengi wanasema mambo ya baridi ni ya watu wa kaskazini. Wakumbuke Februari 2021. Umeme ulikatika, baridi ikashuka chini ya kuganda siku kadhaa mfululizo, mabomba yakapasuka kwenye manyumba, sembuse kwenye matrela. Jirani yetu trela lake lilikuwa limeegeshwa na tangi limejaa, kwa sababu walikuwa wamepanga kwenda ziwani. Pampu ilipasuka, choo kilipasuka. Na Desemba 2022 baridi kali ikarudi tena. Kwa hiyo watu wa Texas, somo hili ni letu pia.

---

MwanaTanga_MN

Ndugu umesema kweli tupu. Tena kwa watu wa kusini hatari ni kubwa kwa namna yake, kwa sababu baridi inakuja ghafla na mtu hana dawa wala kompresa, na ikishatangazwa rafu za maduka zinabaki tupu. Mkiwa Texas, Oklahoma au Georgia, kuweni na madumu mawili ndani ya trela muda wote. Na hata mkikosa dawa, kufungua heta, tangi na koki zile mbili za chini ni kazi ya muda mfupi. Hiyo peke yake inaokoa mengi.

Kwa sisi wa huku juu: maeneo ya Minneapolis na St. Paul baridi ya kwanza ya kuganda huja kwa kawaida mwanzoni hadi katikati ya Oktoba, ukipanda kuelekea mpaka wa Kanada inawahi, Septemba. Usiku mmoja wa -1 ya Selsiasi kwa saa mbili si lazima uvunje kitu. Ila bafu la nje na vibomba vinavyopita chini ya sakafu ndivyo vya kwanza kuganda, kwa hiyo usipime bahati.

---

Kamau_Cheyenne

Salamu wadau. Mimi niko Wyoming kwenye kazi ya ujenzi na naishi ndani ya trela. Siwezi kutoa maji kwa sababu nayatumia kila siku. Hapo sasa nifanye nini?

---

MwanaTanga_MN

Kamau, karibu. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na ni ngumu kuliko ya anayeegesha. Nitakueleza kwa kirefu kwa sababu najua wapo wengi kama wewe ambao hawajauliza.

Kwanza tazama kama tumbo la trela, chini, limefungwa kwa plastiki na kama hita kuu ya gesi ina njia inayopeleka hewa ya moto huko chini. Kama ndiyo, hita hiyo ndiyo inayolinda matangi na mabomba yako, siyo wewe tu. Sasa tazama kinachotokea: mtu anaona gesi ni ghali, ananunua kihita cha umeme, anakiweka sebuleni. Chumba kinapata joto, kidhibiti joto cha ukutani kinaona joto linatosha, hita kuu haiwaki. Tumbo linaganda wakati wewe umevaa fulana. Tumia kihita cha umeme kama nyongeza, lakini hakikisha hita ya gesi inawaka mara kwa mara usiku kucha.

Zungushia sehemu ya chini ya trela kizuizi mpaka ardhini, mbao za foamu ngumu zinafanya kazi nzuri na si ghali. Upepo wa Cheyenne ukipita chini ya trela hakuna hita itakayoushinda.

Mpira wa maji wa kawaida utaganda usiku wa kwanza. Ama nunua mpira wenye waya wa joto, au fanya hivi, na hii naipenda zaidi kwa sababu haitegemei umeme wa nje: jaza tangi la maji safi mchana, ondoa mpira, umwage maji yake, uuweke ndani, halafu tumia pampu. Likikaribia kwisha jaza tena.

Valvu za matangi ya maji machafu zifunge. Usiziache wazi zitiririke kidogo kidogo, kwa sababu mchirizi mwembamba ndio unaoganda ndani ya mpira wa maji taka mpaka unaziba wote. Acha tangi lijae, ndipo umwage kwa mkupuo. Baada ya kumwaga, tia dawa kidogo ya RV ndani ya tangi iende ikae pale kwenye valvu.

Usiku wa baridi kali acha milango ya makabati ya jikoni na bafuni wazi ili joto lifike kwenye mabomba.

Na jambo hili naomba msilichukulie kirahisi: msiingize jiko la mkaa ndani ya trela, wala jiko la gesi la kambini kwa ajili ya kuota moto. Nyumbani tumezoea, tena nyumba zetu zina hewa. Trela ni chumba kidogo kilichozibwa. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua mtu amelala. Jaribu king'ora chako cha kaboni leo, ukikuta kimepitwa na tarehe iliyoandikwa nyuma, nunua kipya kabla ya kununua hiyo foamu.

---

Kamau_Cheyenne

Asante sana fundi. King'ora nimekikagua sasa hivi, tarehe ilishapita. Kesho nanunua.

---

DerevaWaMasafa

Mkuu mimi natoa maji Oktoba, lakini Desemba tunaenda Florida na familia kumwona mama mkwe. Njiani kote ni baridi. Tutatumiaje choo?

---

MwanaTanga_MN

Choo mtakitumia. Acha mfumo wote na dawa yake ndani, usiwashe pampu. Bebeni maji ya kunywa na kupikia kwenye madumu. Kwa choo, mtu akimaliza mwageni dawa ya pinki badala ya maji, hata kikombe kimoja kinatosha, na kile kinachoingia tangini kitalinda tangi. Sinki vivyo hivyo, kama mmenawa na maji ya dumu mimineni dawa kidogo baada yake.

Mkifika sehemu ambayo usiku haugandi, ndipo mfungue maji. Na mkirudi kaskazini mnaanza upya, hakuna njia ya mkato. Yatoeni hukohuko kusini kabla ya kuanza safari, msisubiri mfike.

---

MamaZawadi_Nebraska

Tumenunua ya propilini kaka, Mungu akubariki. Swali la mwisho. Masika tukifungua, maji yatakuwa salama kunywa? Na heta tunairudishaje?

---

MwanaTanga_MN

Amina dada.

Mkifungua, heta iacheni bado imetengwa. Jazeni maji safi, washeni pampu, fungueni koki moja moja mpaka pinki iishe na povu liishe, pamoja na bafu la nje na choo. Povu linachelewa kuisha na maji yatakuwa na ladha tamu tamu, endeleeni tu kuyatiririsha. Hapo mtu mwingine apite na tochi, aangalie chini ya kila sinki, nyuma ya choo na kwenye pampu wakati maji yana mgandamizo. Pampu ikiwaka yenyewe wakati koki zote zimefungwa, mahali fulani panavuja. Zimeni mpatafute.

Kisha rudisheni kizibo cha heta, geuzeni valvu zake ziwe za kawaida, ijae. Baada ya hapo usafi: jiki isiyo na manukato, robo kikombe kwa kila galoni 15 za ukubwa wa tangi, ichanganyeni kwanza kwenye ndoo ya maji ndipo muimimine tangini. Jazeni tangi, tiririsheni mpaka msikie harufu ya jiki kwenye kila koki, moto na baridi, laleni nayo usiku mmoja. Asubuhi mwageni, mjaze tena, msukutue mpaka harufu iishe. Kichungi kipya cha chujio kiingie baada ya hapo, siyo kabla.

Swichi ya umeme ya heta msiiguse mpaka koki ya moto itoe maji mfululizo bila kutema hewa. Koili ya ndani ikiwashwa bila maji inaungua kwa muda mfupi sana. Mimi hubandika kipande cha tepu juu ya swichi Oktoba, nikaandika TUPU kwa kalamu nzito, nacho hakibanduliwi mpaka maji yatoke. Kama swichi yenu iko nje karibu na heta, bandikeni hukohuko.